Kinyonga Akizaa Bila Kutazamiwa: Chakula na Matunzo ya Watoto Wake

Katika nchi zetu hizi watu wengi humwogopa kinyonga kuliko nyoka. Nyoka hukimbiwa tu. Kinyonga hutemewa mate, hupigwa mawe, pengine hutupwa motoni, naye hana sumu hata tone moja, wala hana mbio za kujiokoa. Waganda humwita nnawolovu, Wanyarwanda humwita uruvu, na kila mahali ana sifa mbaya. Wengine humlaumu kwa ile hadithi ya zamani isimuliwayo na makabila mengi ya Wabantu, kwamba alitumwa kuwaletea wanadamu habari ya uzima, akatembea polepole mno hata mjusi akamtangulia na habari ya mauti. Wengine husema kwamba kinyonga jike hawezi kuzaa ila kwa kupasuka tumbo, na kwamba watoto hutoka katika mzoga wa mama yao.

Hadithi ya mjusi nawaachia wazee. Lakini hilo la kupasuka nataka kulijibu, maana lina madhara. Mtu aaminiye kwamba mama sharti afe hatajisumbua kumpa maji baada ya kuzaa. Na mtu aaminiye kwamba watoto wametoka katika mzoga hatakuwa na shauri jingine ila kuwafagia nje pamoja na takataka. Muhula wa pili wa mwaka jana jambo hili lilitukia katika maabara ya shule yetu hapa Kigezi. Kidato cha tatu walikuwa wamemweka kinyonga jike katika sanduku la wavu ili wachunguze namna abadilishavyo rangi. Alikaa peke yake wiki tisa, hakuonana na dume hata siku moja. Asubuhi moja walipokwenda kufungua madirisha wakakuta matawi ya sanduku yana vijinyama vyeusi 11, kila kimoja, mkia ukiwa umekunjwa, chaweza kukaa juu ya stampu ya barua. Habari ilienea kabla ya kengele ya kwanza. Mtu mmoja wa jikoni akashauri vimwagiwe mafuta ya taa. Mwalimu wetu wa Biolojia hakukubali. Akawapa wanafunzi watatu kazi ya kuvitunza, nami nikiwa mmoja wao. Haya niyaandikayo ni yale tuliyoyapata kwake, vitabuni, na kwa vinyonga wenyewe.

Kwanza, aliwezaje kuzaa hali yu peke yake? Majike ya vinyonga wengi huweza kuhifadhi mbegu za dume mwilini mwao kwa miezi mingi, na mimba yenyewe nayo ni ya miezi. Kwa hiyo jike uliyemwokota uani mwezi wa pili, ukamfuga peke yake, aweza kukuzalia mwezi wa sita, na hata akazaa mara nyingine baadaye bila kuonana na dume tena. Si uchawi, wala si muujiza. Ni akiba.

Pili, si vinyonga wote wazaao watoto hai. Yule mkubwa wa kijani wa nyanda za joto, mwenye mikunjo ya ngozi shingoni, huteremka chini, akachimba shimo, akataga mayai na kuyafukia, na mayai hukaa udongoni miezi mingi kabla ya kuanguliwa. Lakini huku milimani, ambako usiku ni baridi na udongo haupati joto la kutosha, aina nyingi za vinyonga huyaweka mayai tumboni mpaka watoto wakamilike. Mama huota jua mchana, na joto lake ndilo joto la mayai. Huyu wa kwetu, mdogo, mwenye mistari ubavuni, ambaye wataalamu humwita Trioceros ellioti, ni mmoja wao. Yupo Uganda, Rwanda, Burundi, mashariki ya Kongo na magharibi ya Kenya, naye hupenda nyua, majani marefu na kingo za mashamba. Mwenye pembe tatu wa milima ya Kenya, aitwaye kwa jina la Frederick Jackson ambaye alikuwa gavana wa Uganda tangu 1911, naye huzaa hai. Ila mwenye pembe tatu wa Ruwenzori, ingawa anakaa katika baridi hiyo hiyo, hutaga mayai. Basi usihukumu kwa pembe.

Wakati wa kuzaa ukifika, mama hutembea huku na huku juu ya matawi, na kila baada ya muda huteremsha mtoto mmoja aliyefungwa katika ngozi nyembamba yenye unyevu, kama tone la utelezi. Tone hilo hunata jani au huanguka chini. Mtoto hujinyosha, ngozi ikapasuka, akatoka akiwa na macho wazi, akashika kijiti na kupanda. Hiyo ndiyo ngozi ipasukayo. Tumbo la mama halipasuki. Nadhani mtu aliyeianzisha habari ile aliona mama amekonda ghafla, ubavu umebonyea, na watoto wametapakaa kandokando, akamaliza mengine kwa kubuni. Pamoja na watoto huweza kutoka pia viyai vya manjano visivyo na uhai, hivyo vitupwe. Mtoto akikawia ndani ya ngozi yake, usimpasulie kwa kucha. Mlowanishe kwa tone la maji safi, umwache. Wengine hawaamki kabisa, na hapo hakuna la kufanya.

Sasa, wapo. Ufanye nini?

Mtenge mama. Mama kinyonga hanyonyeshi, halishi, wala hawatambui watoto wake. Kwake yeye kitu kidogo kitembeacho juu ya tawi ni chakula. Usimwonee uchungu kwa hilo. Mtoto wa kinyonga huzaliwa na kila kitu: ana macho mawili yanayogeuka kila moja upande wake, ana ulimi mrefu kuliko kiwiliwili chake, ana miguu ya kushikia kijiti kama koleo. Siku ile ile aliyozaliwa aweza kulenga nzi akampata. Hahitaji mama, ahitaji kichaka. Nasi tulipokuwa tukibishana juu ya hili au lile, mwalimu alituuliza swali moja tu kila mara: je, kichakani angepata nini? Angepata wadudu wadogo sana wa namna nyingi, umande asubuhi, jua na kivuli mahali pamoja, na nafasi ya kuwakwepa ndugu zake. Ukimpa hayo manne ataishi. Likikosekana moja, atakufa taratibu huku ukidhani amelala.

Tuanze na chakula, maana hapo ndipo wengi wao hufa. Mtu huona kinyonga mkubwa akimeza panzi, akampa mtoto panzi mdogo, akaona hali, akasema mtoto hana hamu. Hamu anayo, ila kinywa chake ni kidogo. Kipimo ni hiki: mdudu asizidi nafasi iliyo kati ya macho mawili ya mtoto. Kwa mtoto wa siku moja hiyo ni nafasi ndogo mno, pungufu hata ya punje ya mchele. Mdudu mkubwa humtisha, na akiachwa sandukuni usiku aweza hata kumtafuna mtoto aliyelala. (Senene basi, msimu wake ukifika, mle ninyi wenyewe.)

Chakula kilicho rahisi kuliko vyote ni wale vinzi vidogo vyenye macho mekundu wazungukao ndizi zilizoiva sana. Weka ndizi iliyoiva katika chupa ya mdomo mpana, iache wazi mahali pa joto siku moja au mbili mpaka vinzi viingie, kisha funga mdomo kwa kitambaa. Vitataga, na mabuu yatatokea, na baadaye vinzi vipya. Mahali pa joto la nyuzi 25 kazi hiyo yote huchukua kama siku 10. Huku kwetu, kwenye kimo cha zaidi ya mita 1,800, huchukua karibu mara mbili ya hizo. Kwa hiyo chupa iliyoanzishwa siku ya kuzaliwa watoto haitawafaa wiki ile. Anzisha chupa mpya kila baada ya siku 3 au 4 ili chakula kisikatike, na kama una jike mnene sandukuni, anza leo.

Katika siku hizo za kungojea, chakula kiko nje ya mlango. Pinda waya uwe duara, shonea mfuko wa kitambaa chepesi, funga kwenye fimbo, ukafagie nao juu ya majani saa umande umekauka. Utapata vidukari, tunutu wachanga, mbu, buibui wadogo, na vidudu vingine ambavyo hata mwalimu hakuvijua majina. Mchanganyiko huo ni bora kuliko vinzi vya ndizi peke yake, na hata chupa zako zikijaa usiache kufagia. Mambo mawili hapa ni ya hatari. Usifagie katika mashamba ya viazi au mboga yaliyopuliziwa dawa, maana dawa iliyo juu ya mdudu huingia tumboni mwa mtoto. Wala usishone mfuko au sanduku kwa chandarua tunachogawiwa siku hizi kujikinga na malaria. Hicho kimetiwa dawa ya kuua wadudu. Kitakuulia chakula chote, na mtoto anayetambaa juu yake mchana kutwa hatapona. Tumia pazia la wavu lisilo na dawa.

Kila mtoto alikula vinzi 10 hata 20 kwa siku, mara nyingi asubuhi baada ya kuota jua. Wengine huanza kula siku ya kwanza, wengine siku ya pili au ya tatu, maana hubaki na akiba ya kiini cha yai tumboni. Usianze kuhangaika na kumfungua kinywa kwa nguvu, utamvunja taya. Tulichofanya ni kutundika kipande cha ganda la ndizi katikati ya matawi, vinzi vikakusanyika hapo, na watoto wakajipanga kukizunguka kama wateja dukani. Lakini ganda hilo huita pia sisimizi, na sisimizi watano wakimkamata mtoto wa kinyonga humuua. Siafu ni balaa kubwa zaidi: kichakani kinyonga hupanda juu akawaepuka, bali sandukuni hana pa kukimbilia. Kwa hiyo miguu ya meza tuliisimamisha katika makopo yenye maji na mafuta kidogo ya taa. Hapo ndipo mafuta ya taa yalipopata kazi yake.

Maji. Kinyonga hajui bakuli. Waweza kumwekea kikombe cha maji mbele ya pua naye akafa kwa kiu, au akaanguka humo akazama. Yeye hunywa matone yaliyo juu ya majani, kwa kuwa tangu zamani amekunywa umande na mvua. Nyunyizia majani ya sandukuni maji safi asubuhi na jioni, kwa matone madogo sana, na uyaache majani yakauke kati ya mara hizo mbili ili ukungu usiote. Mtoto huchukua muda kabla ya kuona tone na kuanza kunywa, basi usinyunyize mara moja ukaenda zako darasani. Macho yaliyoingia ndani ni dalili ya kiu. Macho yaliyofumbwa mchana ni dalili mbaya zaidi; kinyonga mzima hafumbi macho kabla ya jua kutua.

Jua nalo watu hulichukulia kama anasa. Si anasa. Katika jua mna miali ya urujuanimno isiyoonekana kwa macho, na ngozi ya kinyonga huitumia kutengeneza vitamini D, na bila vitamini hiyo chokaa ya chakula haiwezi kujenga mifupa. Mtoto akuaye upesi bila jua huwa na mifupa laini. Miguu hupinda kama matege ya watoto wa watu, taya hulegea, ulimi haurushwi tena, na mwisho ni njaa katikati ya chakula tele. Miali hiyo haipiti vizuri katika kioo cha dirisha. Ndiyo maana mtungi wa kioo dirishani ni nyumba mbaya mara mbili: huzuia miali ya faida, na joto lake hupanda upesi likampika aliyemo. Sanduku liwe la wavu, litolewe nje asubuhi kwa saa moja au mbili, na nusu yake iwe chini ya kivuli siku zote. Mtoto mwenye baridi hujitia weusi na kuelekeza ubavu wake kwenye jua. Akipata moto wa kutosha rangi hufifia naye huhamia kivulini. Akiwa mweupe na kinywa wazi, amezidiwa, mwondoe mara moja. Usiku hahitaji moto wala taa. Yeye ni mtu wa milima, na baridi ya usiku ni desturi yake.

Pamoja na jua, chokaa yenyewe. Wadudu wana chokaa kidogo sana miilini. Chukua maganda ya mayai ya kuku, yachemshe, yaanike, uyasage mpaka yawe laini kama unga wa kujipaka, na uwatie vinzi katika chupa yenye unga kidogo kabla ya kuwafungulia watoto. Mwenzetu mmoja alipendekeza tusage chaki za ubaoni, kwa kuwa zipo tele na hazina bei. Chaki nyingi za siku hizi hutengenezwa kwa jasi, ambayo si kitu kimoja na chokaa ya ganda la yai. Chaki zikabaki ubaoni.

Juu ya nafasi nitasema machache. Watoto 11 katika sanduku moja hawapigani kwa kelele, na kwa hiyo mtu hudhani wanapatana. Ukiwatazama kwa uvumilivu utaona mmoja au wawili wakishika tawi lililo juu karibu na ganda la ndizi, na wadogo wakibaki chini na rangi za giza, hawali. Baada ya wiki mbili tofauti ya ukubwa huwa kubwa. Watenganishe kwa ukubwa, uwape majani mengi ili wasionane. Na usiwashike kwa vidole. Weka kijiti mbele ya mtoto, naye atapanda mwenyewe. Nawa mikono baadaye.

Mtaniuliza, kazi yote hii ya nini? Swali hilo tulilijadili siku ya kwanza kabla ya kuanza. Kwa hesabu ya mwalimu, watoto 11 walihitaji vinzi zaidi ya 100 kila siku, nasi tulikuwa na masomo. Tukaamua kuwabakiza wanne kwa ajili ya darasa, na saba tukawapeleka siku ya pili kwenye uzio ule ule aliookotwa mama yao. Naona huo ndio uamuzi ufaao karibu kila mara. Wengi wa hao saba huenda wameliwa na ndege, au nyoka wa mitini, au kuku wa nyumba za walimu, maana ndivyo vichaka vilivyo. Lakini walipata jua, umande na chakula tangu saa ya kwanza, jambo ambalo mtu mwenye ratiba ya shule hawezi kulitimiza kwa 11. Kati ya wale wanne, mmoja aliyezaliwa mdogo alikufa wiki ya tatu. Watatu walikuwa na afya, nao tukawaachia baada ya wiki nane. Mama tulimlisha na kumnywesha siku tano, ubavu ukajaa tena, akarudi uani. Habari ya kupasuka ikaisha shuleni siku hiyo, walau katika kidato cha tatu.

Ninyi mliokwisha kutoka shuleni, ambao mna nyumba na watoto, jambo moja lawahusu zaidi. Mkipata vinyonga wachanga msiwape watu wa mbali kama zawadi, wala msiwauze. Vinyonga hawa wamo katika orodha ya pili ya mkataba wa CITES, na kuwapeleka nchi za nje bila kibali ni kosa. Tena mahali ni jambo kubwa kwa kinyonga. Mwaka 1972 mwenye duka mmoja kule Hawaii aliagiza vinyonga wenye pembe tatu kutoka Kenya. Walipofika wamedhoofika, akawaachia bustanini kwake wapate nguvu. Walipata nguvu. Wakazaana, wakaenea visiwani, na leo wanakula wadudu na konokono wa huko wasiopatikana mahali pengine duniani, na serikali ya huko huwahesabu kuwa wanyama waharibifu. Kwa hiyo mtoto wa kinyonga aachiwe pale mama yake alipotoka, si kwenye bonde jingine kwa kuwa linapendeza.

Siku ya kuwaachia, chagueni asubuhi yenye jua, saa tatu hivi, umande ukiwa bado kidogo majani ya chini. Wapelekeni pamoja na vijiti vyao, msiwabandue. Kila mmoja awekwe kwenye kichaka chake, hatua mbili au tatu mbali na mwenzake, ndani ya majani na si juu ya ncha ambapo ndege huona. Na kabla ya hapo mwambieni mwenye kukata uzio, kwa maana panga lake likipita wiki ile ile, matunzo yote yaliyotangulia yatakuwa bure. Wa kwetu alitaka kwanza aonyeshwe mama, ahakikishe tumbo lake ni zima. Alipomwona akitembea juu ya tawi, aliahidi kuruka sehemu ile hadi mwisho wa mwezi, naye aliiruka.